Mzigo Uko Wapi? Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma

SWALI: Ndugu Mshauri, nina duka la jumla hapa Mwanga, Kigoma. Ninauza sukari, sabuni, mafuta ya kula na unga wa ngano kwa wenye maduka madogo na kwa wafanyabiashara wa maboti, ambao wengine hushuka vijiji vya mwambao na wengine huvuka kwenda Kalemie na Bujumbura. Mali yangu karibu yote hutoka Dar es Salaam. Wateja wakipanga foleni, mimi sina kitu; stoo ikijaa, hakuna anayeuliza. Msimu wa mvua uliopita sukari iliadimika, nikaagiza magunia 300 ingawa nilihitaji 100, kwa kuwa nilijua nitapunguziwa. Yakaja yote 300, bei ikashuka, na mtaji wangu ukalala. Mwanangu aliyesomea ugavi ananihimiza ninunue programu ya kompyuta. Je, itanisaidia? Nimeambatisha picha ya ukurasa mmoja wa daftari langu.

JIBU: Mama, pole sana kwa hasara ya sukari, na hongera kwa kutunza daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeusoma ukurasa wako mstari kwa mstari. Kila mzigo umeandikiwa siku ulipofika, idadi, bei ya kununulia, hata magunia mawili yaliyofika yametoboka umeyawekea alama ya kalamu nyekundu. Kitu kimoja muhimu hakimo, nacho ndicho kiini cha jibu langu: siku ulipoagiza. Pasipo tarehe hiyo hakuna ajuaye mzigo wako huchukua siku ngapi tangu uagize hadi uupokee, na programu yoyote utakayonunua itabahatisha vilevile kama unavyobahatisha wewe sasa.

Mnyororo wa ugavi ni safari nzima ya bidhaa, kuanzia malighafi hadi mkononi mwa mlaji, pamoja na watu wote wanaoipokezana njiani. Mali hushuka kutoka kiwandani, fedha hupanda kurudi huko, na habari hupaswa kwenda pande zote mbili. Sisi wa Kigoma tumezoea kuulaumu umbali. Ni kweli kwamba reli ya kutoka Dar es Salaam ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250, na tangu ilipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914 njia hiyo haijafupika. Lakini umbali unaojulikana hupangiwa mapema. Kinachokula mtaji wa mfanyabiashara ni kutojua mzigo utafika lini.

Nionyeshe kwa hesabu ya mfano. Tuseme unauza katoni 12 za sabuni kwa siku kwa wastani, na siku iliyochangamka sana unauza 16. Mzigo huchukua wastani wa siku 9 kufika, na ukichelewa mno huchukua 14. Kwa wastani, ukingoja mzigo utauza 12 mara 9, yaani katoni 108. Ukiagiza stoo ikiwa na katoni 108 hasa, basi kila mzigo utakapochelewa kidogo utaishiwa. Njia ya tahadhari ni kuzidisha mauzo ya siku iliyochangamka kwa muda mrefu kuliko wote: 16 mara 14 ni 224. Hapo ndipo pa kuagizia. Ukiona sabuni zimeshuka hadi 224, agiza siku hiyohiyo. Zile katoni 116 zinazozidi wastani ni akiba ya tahadhari, nazo ni fedha yako iliyokaa stoo kwa sababu ya wasiwasi.

Sasa tuseme umepata msafirishaji anayekuhakikishia kwamba mzigo hauvuki siku 10. Pa kuagizia panashuka hadi 16 mara 10, yaani 160. Katoni 64 zimegeuka fedha taslimu, na wala hujauza zaidi wala kukopa. Kwa sababu hiyo, mimi ningemchagua msafirishaji wa siku 10 za uhakika na kumwacha yule ambaye leo ni siku 5 na kesho 14, hata kama huyu wa pili ana nauli nafuu kidogo. Kwa bidhaa inayotoka polepole au inayoharibika, hesabu hii ya tahadhari itakujazia stoo bure. Itumie kwa zile chache ambazo mteja akizikosa kwako huhamia duka la jirani na kila kitu alichokuja kununua.

Kuna kosa moja ambalo hata wenye kompyuta hulifanya. Unapotafuta wastani wa mauzo, usizihesabu siku ambazo mali ilikwisha. Siku hizo daftari linaandika sifuri, lakini wateja walikuja na wakarudi mikono mitupu. Ukizichanganya na nyingine, wastani unashuka, unaagiza kidogo, unaishiwa mapema zaidi, na mwezi unaofuata sifuri zinaongezeka.

Nije kwenye sukari. Ulichofanya walikifanya wengi, kila mmoja akiomba mara tatu ya haja yake kwa kuogopa kupunguziwa, na muuzaji wa Dar es Salaam akaona mahitaji makubwa ambayo hayakuwapo. Wataalamu huiita hali hii athari ya mjeledi: mkono ukitikisika kidogo kwenye mpini, ncha hurushwa mbali. Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, aliieleza mwaka 1961, na baadaye kampuni ya Procter & Gamble ikaikuta katika nepi zake za Pampers. Watoto walizitumia kwa kiasi kilekile kila wiki, lakini maagizo ya wasambazaji yalipanda na kushuka kwa kishindo. Mwaka 1997 mtaalamu wa ugavi Hau Lee na wenzake walitaja vyanzo vinne: kukadiria mahitaji kwa kutazama maagizo badala ya mauzo, kuagiza kwa mkupuo, bei zinazopandishwa na kushushwa, na kuomba kupita kiasi wakati wa uhaba.

Chanzo cha pili kinakugusa kila wiki. Mwenye boti anayechukua katoni 60 za sabuni kwa mara moja, kisha asionekane kwa wiki mbili, haonyeshi jinsi watu wa kijijini wanavyofua nguo zao. Anaonyesha ratiba ya boti lake. Kwa hiyo akija, kabla hujamwuliza anataka ngapi, mwulize zimebaki ngapi kule. Swali hilo moja, likiandikwa kila safari, litakufunulia mauzo halisi ya mwambao. Wewe nawe umtendee hivyohivyo muuzaji wako: mtumie kila Jumatatu ujumbe wa simu wenye idadi uliyouza na iliyobaki. Akiona hesabu za kweli mwaka mzima, wakati wa uhaba atajua ni nani wa kumwamini.

Na programu? Kijana wako hajakosea, ila mfuatano ndio muhimu. Anza na safu mbili mpya katika daftari, tarehe ya kuagiza na mauzo ya kila siku, kwa muda wa miezi mitatu. Kisha zihamishie kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kielektroniki linalojipigia hesabu, ambayo simu ya kawaida ya kisasa inaiweza. Duka likiwa na bidhaa nyingi kiasi cha kuchosha mkono, hapo nunua programu na kisomaji cha msimbopau, ile mistari myeusi iliyo kwenye pakiti. Wazo lake lilizaliwa mchangani: Joseph Woodland, akiwa ameketi ufukweni Miami, alichora nukta na vistari vya alama za Morse, zilizotumika kutuma ujumbe kwa waya, kisha akavivuta kwa vidole vikawa mistari mirefu, mingine minene na mingine myembamba. Yeye na mwenzake Bernard Silver walipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wao, mwaka 1952, lakini pakiti ya kwanza kusomwa dukani, ya ubani wa kutafuna, ilipita kaunta huko Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Miaka 22 ilipita kwa sababu vifaa vya kuisomea mistari hiyo kwa gharama nafuu havikuwapo bado, na pia maduka na viwanda vilipaswa kwanza kukubaliana namna moja ya kuandika namba. Hata ukishakuwa na kisomaji, hesabu stoo kwa mkono kila wiki, fungu moja baada ya jingine, kwa kuwa kompyuta haioni gunia lililotobolewa na panya.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Je, ugavi na usafirishaji ni kitu kimoja?

JIBU: La. Usafirishaji ni sehemu ya ugavi, kama vile ununuzi, uhifadhi na ukadiriaji wa mahitaji zilivyo sehemu zake. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri kuwa usimamizi wa mnyororo wa ugavi lilianza kuvuma mwaka 1982, mshauri wa biashara Keith Oliver alipotaka kazi hizo, zilizokuwa zikiendeshwa kila moja kivyake, zisimamiwe kwa pamoja.

SWALI: Ninanunua dagaa mwalo wa Kibirizi na kuwapeleka Dar es Salaam. Mteja wangu analalamika kwamba baadhi ya magunia yana mchanga, na anataka kujua kila gunia limetoka wapi. Je, lazima niwe na mashine?

JIBU: Mashine haihitajiki, lakini mteja wako ana haki. Sheria ya chakula ya Umoja wa Ulaya, namba 178 ya mwaka 2002, inamtaka kila mfanyabiashara ajue alinunua kwa nani na alimwuzia nani, hatua moja nyuma na hatua moja mbele. Wewe huuzi Ulaya, lakini kanuni hiyo inatosha popote. Dagaa walioanikwa kwenye chanja hawachanganyiki na mchanga kama walioanikwa chini, na magunia yakishashonwa hayatofautiani kwa macho.

Kwa hiyo, kabla ya kushona, tia ndani ya kila gunia kipande cha karatasi ngumu chenye tarehe ya kuanika, mwalo, herufi ya mwanikaji, na kama ni chanja au chini. Kisha uandike namba ileile kwa wino usiofutika juu ya gunia. Katika daftari, mbele ya namba hiyo, andika jina la mnunuzi. Mchanga ukionekana tena, utajua ni mwanikaji gani wa kuzungumza naye badala ya kuwashuku wote. Daftari hilo litakufaa pia kupanga safari. Taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri usiku wa mbalamwezi, na kalenda ya mwezi inajulikana mwaka mzima. Ziwa nalo lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, waliokuwa wameweka akiba kavu mapema waliendelea kuwahudumia wateja wao. Mweleze mteja wako tarehe hizo kabla hazijafika, umwambie na idadi ya magunia utakayokuwa nayo.