Dirisha limekaa chini ya meza ya sinki

SWALI: Nilimwambia mkandarasi aongeze dirisha jikoni. Ameliweka chini mno, na anadai malipo ya ziada. Nifanyeje?

JIBU: "Ongeza dirisha" si maelezo ya kujengea. Fundi anataka upana, kimo, na urefu kutoka sakafu iliyokamilika hadi ukingo wa chini wa dirisha. Hilo la "iliyokamilika" ndilo linaloponza wengi: akipimia kwenye zege tupu, lipu ya sakafu na vigae vikija vinameza sentimita kadhaa. Meza ya sinki huwa na kimo cha sentimita 90 hivi, basi dirisha lianzie 105. Mwambie apige mstari wa chaki ukutani, mita 1 juu ya sakafu ya mwisho, na vipimo vyote vitoke hapo.

Linta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, si lazima ibomolewe. Jazeni kozi (safu) moja au mbili za tofali chini, fremu ifupishwe.

Kuhusu malipo, kazi uliyoagiza kwa mdomo kwa kawaida anaweza kuidai malipo, ila marekebisho mjadiliane. Safari ijayo mwandikie ujumbe: kinachobadilika, bei, siku zitakazoongezeka. Asiguse tofali kabla hamjakubaliana kwa maandishi. Na zungumza na yeye, usiwaagize vibarua wake.