Barua kwa Mwanangu Kadzo: Yule Dada wa Barafu

Muyeye, Malindi
Jumapili usiku

Mwanangu Kadzo,

Salamu sana. Sisi huku hatujambo. Mamako anakusalimu, anasema zile kunde ulizobeba uzianike kabla hazijaingia wadudu. Mimi mzima, ila goti, nalo umeliona mwenyewe.

Uliniuliza swali pale steji dereva akiwa ameshawasha gari, nikaishia kukupungia mkono. Ulisema: "Baba, yule Mtaliano wa barafu alianguka mbele ya dunia nzima, mbona hakuacha mapema? Na wewe miaka yote hiyo ulikuwa ukingoja nini?" Ukacheka, basi likaondoka. Mimi sikucheka. Nimelala nalo tangu Alhamisi, na leo mamako ameniambia kama sikuandika nitazungumza peke yangu mpaka majirani wasikie.

Sikumtafuta Carolina Kostner, huyo Mtaliano wako wa barafu, mwanangu. Aliletwa na kaskazi. Mashindano ya Ulaya ya kuteleza kwenye barafu huwa Januari, ya dunia Machi, na Olimpiki ya baridi kila baada ya miaka minne, Februari. Ndiyo miezi hiyo hiyo Malindi ilipokuwa ikifurika Wataliano, sisi jikoni hatujui usiku wala mchana. Masika ikipiga, wageni wamekwenda, hoteli imefungwa, na barafu nayo imekwisha. Kwa hiyo wakati wengine hapa wanakijua Kitaliano cha "ciao" na bei ya kinyago, mimi nilijua kusema "triplo" na "caduta", yaani mizunguko mitatu na kuanguka, kutoka kwenye runinga ya baa ya hoteli iliyokuwa ikinasa RAI, kituo cha Italia, kwa dishi.

Kulikuwa na mgeni mmoja, mama mtu mzima wa upande wa Bolzano. Tulimwita Bibi wa Milimani. Alikuwa akija kila mwaka na dawa zake za presha na jibini lake limeviringishwa gazeti, kana kwamba huku tungemnyima chakula. Ndiye aliyenieleza kwamba huyu binti ni wa bonde la kwao, amekulia Ortisei, na kwamba kule nyumbani wanasema Kiladini, lugha ndogo ya mabondeni ambayo Mtaliano wa Roma haambulii neno. Nikamwambia na mimi nikimtolea mtu wa Nairobi Kigiriama ataniangalia tu. Kuanzia siku hiyo nikawa napewa kiti.

Februari 2006 wewe ulikuwa darasa la tatu. Olimpiki ilikuwa Torino, kwao kabisa, na Kostner ndiye aliyebeba bendera ya Italia siku ya ufunguzi. Alikuwa ametimiza miaka 19 siku mbili tu kabla. Baa nzima ilisimama, Bibi akalia. Ilipofika zamu yake ya kushindana, mambo yakaharibika, akamaliza wa 9. Mgeni mmoja akazima sigara kwenye sahani yangu ya zeituni na kusema msichana hana roho ya mashindano. Sahani yenyewe sikuisahau.

Baada ya hapo ikawa kama bahari, inajaa inakupwa. 2007 na 2008 bingwa wa Ulaya, na 2008 hiyo hiyo wa pili duniani. 2009, mashindano ya dunia kule Los Angeles, wa 12. Januari 2010 bingwa wa Ulaya tena, Februari Olimpiki ya Vancouver, wa 16. Anaanguka, anainuka, anaanguka. Kule baa walibaki watazamaji wawili, mimi na Bibi, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na aproni kwa sababu meneja alikuwa amekataza wapishi kukaa na wageni.

Hapo ndipo swali lako lilipotakiwa kuulizwa, na nililiuliza mimi. Nilimwambia Bibi: huyu si angepumzika? Bibi akajibu kwamba sasa ndiyo anaanza kuteleza. Nikadhani ni ushabiki wa kijijini.

Msimu uliofuata aliingia na mwili unauma, akauondoa mruko uitwao Lutz kwenye programu yake, na mwingine uitwao flip pia. Nikueleze Lutz ni nini, maana bila hiyo hutanielewa. Mteleza anakwenda kinyumenyume juu ya makali ya nje ya kiatu, mwili unapinda upande huu, halafu anachomeka ncha ya kiatu cha pili na kuruka akizunguka upande ule mwingine. Ni kama kukoroga sima kulia kisha ghafla mwiko ugeuke kushoto bila kusimama, tena wewe uko hewani. Ukiondoa mruko kama huo, unapoteza alama kabla hujaingia uwanjani, na kila aliyeko pale anajua umepunguza.

Basi alibaki na nini? Alibaki na goti na makali ya kiatu. Ukitaka kuona, zima sauti ya runinga utazame miguu peke yake. Wengine wanasukuma, wanasukuma, kama mtu anayevuka matope. Yeye alikuwa akisukuma mara mbili tatu, goti linakunjuka pole pole, halafu anavuka uwanja mzima kwa mwendo unaotisha huku mabega hayajui kinachoendelea chini. Mimi nimeteleza kwenye vigae vya jikoni vyenye mafuta, najua mwili wa binadamu hufanya nini ukipoteza ardhi: unakaza kila kitu. Yeye alikuwa akilegeza.

Mwaka huo, kwenye programu ndefu (kila mshindani huteleza mara mbili, fupi kisha ndefu), alicheza muziki wa Debussy, ule wa mchana wa yule kiumbe wa hadithi za Wagiriki na Warumi, nusu mtu nusu mbuzi. Unaanza na filimbi peke yake. Hakuna pa kukimbilia kwenye muziki ule, hakuna ngoma ya kuficha kosa. Ni saa nane ya mchana hapa Malindi, jua limesimama, mbwa wamelala chini ya mkokoteni. Akapata shaba ya dunia kule Moscow. Mwaka uliofuata, Machi 2012, mji wa Nice, Ufaransa, akawa bingwa wa dunia, mwanamke wa kwanza wa Italia kulipata taji hilo akiteleza peke yake. Alikuwa na miaka 25. Hilo ulilisikia wakati ule, maana nilikupigia simu shuleni ukadhani bibi yako amefariki.

2013 nitapita haraka, ila ujue tu kwamba kwenye mashindano ya dunia kule London ya Kanada aliteleza pua inamtoka damu, akapata fedha. Muziki ulikuwa Bolero ya Ravel. Ile ina ngoma ndogo, kama chapuo letu, inashika pigo moja tangu mwanzo hadi mwisho, na wengine wote wanaongezeka juu yake. Mwaka wa Olimpiki ya Sochi alianza msimu na muziki mwingine, Scheherazade, halafu mashindano ya Ulaya yalipokwisha Januari akauacha, akairudia Bolero. Wiki chache kabla ya Olimpiki! Bibi alinishika mkono kwa hofu. Alama 216.73, shaba, akiwa na miaka 27, nyuma ya Kim Yuna wa Korea Kusini na Adelina Sotnikova wa Urusi aliyekuwa na 17. Pale, Kadzo, mtu mwenye akili zako angefunga virago. Ameshapata. Aende nyumbani.

Badala yake akapatwa na balaa. Alex Schwazer, aliyekuwa mchumba wake, bingwa wa Olimpiki wa kutembea kwa kasi, alikuwa amekutwa na dawa zilizokatazwa tangu 2012, na sasa kesi ikamfikia na yeye. Wapimaji walikuwa wamefika nyumbani kwa Carolina kumtafuta, naye akawaambia hayupo. Yeye mwenyewe hakushtakiwa kutumia chochote, lakini kwa uongo huo na kumfichia alifungiwa hadi mwisho wa 2015. Sitamtetea. Alikosea. Mamako alisema ningefanya hivyo hivyo kwa ajili yake, nami nikanyamaza, kwa hiyo nadhani tumeelewana.

Bibi hakurudi tena Malindi baada ya hapo, miguu ilikataa safari. Alikuwa akinitumia ujumbe kwa mjukuu wake. Siku moja ukaja mfupi: "Amerudi, anafundishwa na Mishin, Urusi." Alexei Mishin, mzee aliyemlea Plushenko, bingwa wa Olimpiki wa wanaume. Nami wakati huo hoteli ilikuwa imeshafungwa, sina dishi, natazama kwenye simu uliyoniachia, kioo kimepasuka kona.

Sasa nije kwenye kile ulichonikuta nikitazama, ukasema hayo si ni ya kale.

Msimu wa 2017 hadi 2018 aliurudia muziki wa Debussy. Ule ule, baada ya miaka saba. Siku uliyonikuta nilikuwa nimeegemeza kompyuta yako ya zamani kwenye mtungi wa maji, ya mwaka 2011 imo humo, na ya 2018 iko kwenye simu, najaribu kuzianzisha pamoja filimbi zikutane. Hazikukutana hata mara moja. Lakini niliona mikono. Ya kwanza inafika mahali ilipoagizwa na kusimama. Ya pili inachelewa kidogo, inaacha filimbi itangulie, halafu inaifuata. Hakuna jaji mwenye kisanduku cha kuandika hilo peke yake; linaingia kwenye ile sehemu ya alama ya utelezaji wenyewe na uchezaji, na sehemu hiyo ndiyo iliyombeba mwishoni dhidi ya watoto waliokuwa wakiruka kuliko yeye. Na mimi nisingeliona kama nisingekuwa nimeiona ya kwanza nikiwa mlangoni na aproni. Hilo ndilo jibu langu, kama unataka jibu. Mtu akikaa miaka 15 uwanjani, kila programu yake mpya unaitazama ikiwa imekaa juu ya zile za zamani, na wewe nawe umekaa humo.

Olimpiki ya Korea Kusini 2018 alimaliza wa 5. Aliyeshinda, Alina Zagitova, alikuwa na miaka 15. Carolina alipoingia mashindano ya Ulaya ya wakubwa mara ya kwanza, Januari 2003, Zagitova hata mwaka hajatimiza. (Baadaye wakubwa wa mchezo walipandisha umri wa kushindana na wakubwa hadi 17. Naona walifanya vizuri, mifupa ya watoto si ya kuchezewa.)

Mwezi uliofuata, mashindano ya dunia, Milano. Kwao tena, kama Torino, sasa ana miaka 31. Programu fupi aliteleza kwa wimbo wa Jacques Brel, ulioimbwa na Celine Dion, usemao "usiniache". Alama 80.27, akawa wa kwanza, mbele ya Zagitova. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, umeme umekatika, chaji asilimia 9. Nikajiambia sasa. Siku mbili baadaye, programu ndefu, Debussy ile, akakosea hapa, akakosea pale, akamaliza wa 4. Medali ilimpita kwa alama 1.20. Ukumbi wa Milano ulisimama wote. Mimi pia nilisimama, kwenye veranda, na jirani akaniuliza kama nimeona nyoka.

Hakurudi tena kushindana. Ameacha medali 11 za Ulaya na 6 za dunia. Bibi alikuwa hai siku hiyo ya Milano. Mjukuu aliniambia aliitazama akiwa kitandani na kusema aliteleza vizuri, basi, hakutaja alama.

Na usidhani 31 ndio ukomo. Kuna Deanna Stellato-Dudek, aliyeteleza wawili wawili na mwenzake wa Kanada, Maxime Deschamps. Aliacha 2001 akiwa na miaka 17 kwa sababu ya nyonga, akafanya kazi nyingine, akarudi 2016, na Machi 2024 kule Montreal akawa bingwa wa dunia ana miaka 40.

Nimeandika mpaka hapa ndipo nikashtukia huenda hukuwa ukiniuliza habari za barafu. Mamako anasema ulimwambia jikoni kwamba nimefika 62 na bado naenda kukanda unga wa pizza siku tatu kwa wiki kwa watu. Kama ndilo swali, ningeomba uniulize mimi, usimpitie Carolina. Nitakujibu hivi: zamu za usiku nimeacha. Gunia la unga sibebi tena, hiyo ndiyo Lutz yangu, nimeitoa, anabeba kijana. Daktari anataka picha ya goti, nitaenda baada ya Pasaka wageni wakipungua. Lakini yule kijana bado anakanda kama anapigana na unga, na mtu wa kumwonyesha ni mimi.

Ukija Desemba niletee ile kebo ya kuunganisha simu na runinga, uliyosema inauzwa Luthuli. Mtungi wa maji mamako ameuchukua.

Ni mimi,
Baba yako