Fundi kahesabu mapipa, hakupima upana

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina bwawa la samaki wa mwatiko huku Micheweni, Pemba. Maji yakijaa yananifika kifuani. Nataka gati dogo la kuelea nilishie samaki, na jioni tukae na watoto. Fundi mmoja kanichorea: mapipa manne ya plastiki ya lita 200, juu yake mbao, urefu mita 3 na upana mita 1.2. Anasema linabeba kilo 800, na mapipa yakijazwa povu litabeba zaidi. Nitumie mbao gani, na hilo povu ninunue?

JIBU: Waalaykum salaam. Mbao nitakujibu huko chini kwa maneno machache, maana mbao si tatizo lako. Tatizo lako ni hizo mita 1.2.

Kila anayeniletea mchoro wa gati anaanza na mapipa. Mangapi? Yanabeba kilo ngapi? Sijapata bado mtu wa kuniuliza: watu wakienda wote upande mmoja, litafanya nini?

Kilo 800 si uongo. Pipa la lita 200 likizama lote linasukuma lita 200 za maji, na maji hayo ni kilo 200, yakiwa ya chumvi yanazidi kidogo. Lakini hizo ni kilo za pipa lililozama lote, mbao zinaoga na wewe miguu imerowa. Tena humo hujatoa uzito wa mbao na wa mapipa yenyewe. Mimi pipa silihesabii zaidi ya nusu yake.

Povu ndilo linanichosha kabisa. Kinachobeba ni ukubwa wa pipa, si kilichomo ndani, na hakuna povu jepesi kuliko hewa. Ukilijaza umeongeza uzito na umepunguza pesa. Faida yake ni moja tu: pipa likitoboka, maji hayapati pa kuingia. Kwa pesa hiyo hiyo nunua mapipa mawili zaidi.

Sasa upana. Tukadirie mbao na mapipa manne ni kilo 190. Mapipa yamelazwa mistari miwili, na kwa kuwa pipa ni nene karibu sentimita 60, mistari hiyo inagusana. Kila mstari unaweza kubeba kilo 400 kabla haujazama wote. Wasimame watu wawili wa kilo 75 ukingoni upande wa kulia. Kwa kuwa wako nje ya katikati ya pipa, wanaukandamiza mstari wa kulia na kuunyanyua wa kushoto, kama mizani. Mstari wa kulia unabeba kama kilo 320, wa kushoto unabaki na kilo 20, yaani mapipa yake karibu yanatoka majini. Aje wa tatu kuuliza kuna nini: kulia panatakiwa kilo zaidi ya 430, na hazipo. Gati linageuka. Jumla ya uzito juu ya maji wakati huo ni kama kilo 415, nusu tu ya zile 800 ulizoahidiwa.

Na usiniambie watu hawatasimama upande mmoja. Miaka michache nyuma niliitwa kwenye bwawa moja Unguja, mwenyewe simtaji. Wageni watano walikuwa wametawanyika juu ya gati la upana kama huo wako, limetulia tuli. Mwenye bwawa akatupa konzi ya pumba mkono wa kulia. Samaki wakachemsha maji, na wageni wote wakaenda kuangalia. Nilipofika walikwishatoka, wamejaa tope, na alhamdulillahi waliokufa ni simu mbili tu. Gati lilikuwa mbao chini, mapipa manne ya buluu juu, yanameremeta juani. Nikafungua vifuniko kimoja kimoja. Ndani makavu, hata tone. Fundi aliyelijenga alikuwapo, akanambia kwa fahari, "Unaona? Halijazama."

Basi na wewe unataka gati la kulishia samaki. Kulisha ndiyo saa yenyewe ambayo kila mtu yuko upande mmoja.

Linaniuma zaidi kwa sababu sisi ni watu wa ngalawa. Gogo la mwembe lililochongwa linaelea vizuri sana, lakini hakuna mvuvi anayelitia tanga bila ya matengo, zile mbao za pembeni zinazoelea, huku na huku. Matengo hayaongezi mzigo ambao ngalawa inaweza kuchukua. Kazi yake ni kupeleka kinachoelea mbali na katikati. Mvuvi asiyejua kusoma analijua hilo, halafu fundi mwenye mashine ya kuchomelea na simu yenye picha za magati ya watu wa ng'ambo halijui.

Fanya hivi. Upana mita 2.4, urefu mita 3 ile ile, mapipa sita, matatu kila upande, yasukumwe mpaka mwisho wa ukingo na katikati pabaki patupu. Umbali baina ya mistari umezidi mara tatu, na kwa hilo peke yake ubishi wa gati kulala upande unazidi mara tisa, yaani tatu mara tatu. Watu wale wale watatu wakisimama ukingoni, upande wao, pamoja na uzito wa mbao na mapipa yaliyoongezeka, unabeba kama kilo 430 katika 600 unazoziweza, na upande wa pili bado uko majini na kilo zaidi ya 130. Utainama, utashituka kidogo, basi.

Mbao: yoyote ngumu inayojengewa vyombo, kwa bolti za kupenya zisizoshika kutu. Si misumari, kitu kinachotikisika mchana na usiku hutema msumari chenyewe. Pipa usilipige skrubu, lifungie ndani ya fremu. Na usikubali kifuniko kikae chini kabisa: mchana hewa ya ndani inavimba kwa jua, usiku inanywea, na kifuniko kisichokaza kinanyonya maji kidogo kidogo mpaka gati linaanza kulala upande usioujua. Gati lishikiwe na nguzo mbili zenye pete pana zinazopanda na kushuka. Ukilifunga kwa kamba fupi, siku ya bamvua, bahari ikijaa sana, ukiingiza maji mapya kamba italivuta upande mmoja, turudi pale pale.

Uliza pia mapipa yalichukua nini kabla. Wapo wauzaji wanaosema limeoshwa kwa sabuni. Pipa la dawa ya wadudu haliniingii kwenye bwawa la samaki wa kuliwa hata lioshwe mara saba.

Haya ninayokuambia si ya bwawa lako peke yake. Siku hizi kila mwenye kiwanja chenye maji anataka jukwaa la kuelea, awekee wageni meza na mito, na mafundi wa siku mbili wako tele. Bei yao ni nzuri kwa sababu upana ni mbao, na mbao ni pesa. Visiwa hivi havikutakiwa kufundishwa tena habari ya chombo kupinduka. MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba usiku wa Septemba 9, 2011, imezidishwa watu na mizigo, ikapinduka bahari ya Nungwi. Bado tunaulizana "kinabeba tani ngapi" kisha tunapanda. Na usijipe moyo kuwa bwawa ni fupi: maji ya kifuani kwako yako juu ya kichwa cha mtoto, na gati lililogeuka linamfunika aliye chini yake. Watoto wavae jaketi za kuokolea hata gati likiwa pana.

Likishajengwa, kabla hajapanda mtu, chukua madumu kumi na mawili ya lita 20, yajaze maji, uyapange yote ukingoni upande mmoja. Hizo ni kilo 240, watu watatu na zaidi. Wewe simama ufukweni uangalie mapipa ya upande wa pili. Yakitoka majini, gati lirudi nchi kavu na fundi asilipwe.