Kitenge cha zambarau kisitoke bluu: kuitengenezea kamera yako profaili ya rangi

Mteja anarudisha kitenge: "Kwenye picha kilikuwa bluu, kimefika zambarau." Muuzaji anaapa hakugusa rangi, na kweli hakugusa. Kamera ndiyo iliyoigeuza. Kama unaanza kupiga picha za kanga, vitenge, batiki au michoro ya Tingatinga kwa ajili ya kuuza, jifunze mapema kuitengenezea kamera yako profaili ya rangi.

Sensa ya kamera huona kupitia vichujio vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, na vichujio hivyo havipokei mwanga kama jicho la binadamu. Programu inayofungua faili la RAW (data ghafi ya sensa) ndiyo inayotafsiri namba za sensa kuwa rangi, na kanuni za tafsiri hiyo ndizo profaili. Ile inayokuja na programu imetengenezwa kwa modeli nzima, na mara nyingi imekolezwa ili picha ipendeze. Yako itapimwa kwa kamera uliyoishika mkononi, chini ya taa zako mwenyewe. Usiichanganye na mizania ya nyeupe. Mizania hufanya kijivu kiwe kijivu, basi. Kijivu kikishakaa sawa na zambarau bado imekimbilia bluu, kuendelea kusukuma mizania ni kuharibu kile kilichokwisha kukaa vizuri. Na yote haya ni ya RAW tu. Kwenye JPEG kamera imeshatafsiri na kufunga kazi.

Kifaa cha lazima ni kadi ya rangi yenye miraba 24, ile ya ColorChecker, iliyoanza kutumika mwaka 1976. Ina safu nne za miraba sita, na safu ya mwisho inatoka nyeupe kwenda nyeusi kupitia kijivu. Usiiguse miraba kwa vidole, usiiache juani, na ibadilishe baada ya miaka miwili hivi, maana rangi zake huchakaa. Usijaribu kuchapa kadi yako kwa printa: programu inajua namba za kadi halisi, na kadi yako itakuwa kipimo cha uongo.

Sasa mwanga, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Tumia mwanga wa aina moja. Taa ya LED ikisaidiwa na dirisha hukupa rangi mbili juu ya kadi moja, na hakuna profaili itakayozitenganisha. Kivuli cha mwembe kinaonekana kitulivu machoni, lakini majani yanarudisha kijani. Ukuta wa rangi na shati lako jekundu hufanya vivyo hivyo. Vaa nyeusi au kijivu. Weka kadi palepale kitakapolala kitambaa, kamera iitazame uso kwa uso, taa zije kwa pembe ya digrii 45 kutoka kila upande. Ukiona mraba mweusi una mng'ao, sogeza taa. Kisha ondoa kadi, weka karatasi nyeupe, piga, usome pembe nne na katikati: kwenye mizani ya mwangaza ya 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), zikipishana zaidi ya alama 5, mwanga haujasambaa. Rekebisha kabla ya kuendelea.

Kadi ikae katikati ya fremu, ijaze kama theluthi moja, kwa sababu pembeni lenzi hufifisha mwanga. Tumia ISO 100 (usikivu mdogo wa sensa), f/8 (tundu la lenzi) na tripodi. Mraba mweupe uwe mng'avu bila kuungua: lenga kati ya 230 na 245. Lightroom, programu ya kuhariri picha, husoma kwa asilimia, kwa hiyo ni kati ya 90 na 96. Chaneli hata moja (nyekundu, kijani au bluu) ikigonga ukomo, futa picha hiyo urudie, hata kama kwenye skrini ya kamera inaonekana safi. Picha yenye giza sana nayo haifai. Miraba ya chini hujaa chenga (vidoadoa vya ovyo) na programu inapima chenga badala ya rangi.

Geuza RAW iwe DNG (aina ya RAW ya Adobe) kwa Adobe DNG Converter, ambayo ni ya bure, kisha iingize kwenye programu ya kadi yako. Programu itaitafuta miraba yenyewe. Hakikisha kila kisanduku kimekaa ndani ya mraba wake. Itatoa faili la DCP, ambalo ndilo profaili yako. Lipe jina linaloeleweka, kwa mfano kamera, taa na tarehe. Funga Lightroom, ifungue tena, chagua profaili hiyo, halafu bonyeza kidude cha mizania kwenye mraba wa pili wa kijivu. Siyo mweupe, kwa kuwa huo ndio unaowahi kuungua. Mipangilio hiyo uinakili kwa picha zote zilizopigwa chini ya taa hizohizo. Anayetumia programu ya RawTherapee atasoma DCP hiyohiyo. Capture One hutaka profaili ya aina ya ICC, na darktable ina moduli ya kusoma kadi moja kwa moja.

Kwa anayezunguka kwenye sherehe kuna profaili ya mianga miwili: unapiga kadi chini ya balbu ya waya, karibu 2850 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na tena kwenye mwanga wa mchana, karibu 6500 K, halafu programu inakadiria ya katikati. Kwa LED na taa za mirija usiiamini. Mwanga wake una vilima na mabonde, yaani rangi nyingine zimezidi na nyingine zimepungua, hivyo kila taa ya aina hiyo inahitaji profaili yake peke yake.

Usitegemee miujiza. Kuna jozi za rangi ambazo jicho linazitofautisha na sensa inaziona kitu kimoja. Hapo hakuna hesabu ya kuzirudisha. Kitambaa cheupe chenye king'arisho cha kiwandani hung'aa kibluu kwenye mwanga wenye urujuanimno (UV), na kadi haina mraba wa kukuonya. Baadhi ya vitambaa vyeusi vya poliesta hurudisha infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na kutoka na wekundu wa kahawia. Tatizo kama hilo litibu kwenye picha husika. Ukilazimisha profaili, utaharibu kanga kumi kuokoa baibui moja. Kanga nyekundu iliyokolea nayo hugonga ukomo wa chaneli nyekundu kabla ya nyingine, nakshi zikayeyuka. Punguza mwanga unaoingia kwenye kamera kwa nusu stopu (stopu moja ni nusu ya mwanga).

Kwa ngozi, ijaribu profaili kwa mtu halisi kabla ya kuitumia kwenye harusi. Mraba wa ngozi nyeusi kwenye kadi ni kahawia ya wastani, na watu wengi wa kwetu ni weusi kuliko huo. Ukiona wekundu umepanda mashavuni au kivuli cha shingo kimekuwa kijani, rudi kwenye picha ya kadi, ukague mwangaza na mng'ao.

Usihukumu chochote kwenye skrini isiyopimwa. Ipime kwa kifaa cha kupimia skrini, weka D65 (nyeupe ya mwanga wa mchana) na mwangaza wa 100 hadi 120 cd/m², zima Night Light ya kompyuta, ile inayogeuza skrini kuwa ya manjano usiku. Kisha chukua kitambaa ambacho rangi yake haimo kwenye kadi, kiweke kwenye mwanga ule uliokipigia, ulinganishe na picha yake. Ukihamisha picha kutoka kwenye programu, tumia sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa simu na wavuti, na uache profaili ya sRGB iambatane na faili. Simu ya mteja huwezi kuipanga, ila faili lako liondoke likiwa sahihi.

Balbu ikiungua ukaweka ya kampuni nyingine, au ukibadilisha mwavuli wa taa, piga kadi upya siku hiyohiyo. Ni kazi ya dakika kumi.