Waridi la jangwani kwenye mchanga wa Kilifi

Dada, umeuliza kama waridi la jangwani litakubali uani kwako Kilifi, penye mchanga mtupu na jua la kutwa. Litakubali sana. Ni ua la huku huku kwetu, huota lenyewe kwenye nyika kavu. Kinacholiua ni maji yaliyotuama, hasa wakati wa masika, shina likaanza kuoza kutoka chini. Kwa hiyo inua tuta kidogo, changanya kokoto, na lile shina nene libaki juu ya udongo.

Tafadhali usinunue lililong'olewa porini. Kila linalochimbwa huko halitazaa tena mbegu pale lilipokuwa. Anza na mbegu. Maganda yake hukaa mawili mawili kama pembe za mbuzi, na likipasuka unakuta mbegu nyembamba zenye kishungi cha nywele ncha zote mbili. Lifunge ganda kwa uzi mapema, la sivyo upepo utazibeba zote. Mbegu mpya huchipua ndani ya wiki moja hivi. Vipandikizi navyo hushika, ila mara nyingi havijengi shina nene.

Utomvu wake ni sumu, ulipakwa hata mishaleni. Vaa glavu ukikata, na watoto na mbuzi wasilifikie.