Makohozi ya pumu: mitishamba niliyotumia na kosa nililofanya

Mimi pumu ninayo tangu utotoni na kilichokuwa kinanitesa kuliko hata kubanwa ni makohozi, yale mazito ya kunata, asubuhi unakohoa mpaka mbavu zinauma halafu kinatoka kidogo tu na kifua bado kinapiga filimbi. Kwa hiyo kila niliposikia kuna mti unakata makohozi nilijaribu.

Ila elewa kwanza yanatoka wapi, maana mimi nilichelewa kujua. Njia za hewa za mwenye pumu huwa zimevimba kwa ndani hata siku anayojiona mzima, na uvimbe huo ndo unaofanya seli za kutengeneza ute ziongezeke na ute wenyewe uwe mzito. Yani unaweza kuyatoa kutwa nzima, uvimbe ukiwepo yanarudi.

Hapo ndo nilipokosea. Kuna kipindi nilikuwa nakunywa tangawizi na habasoda, kifua kikalainika kweli, nikaona basi inhela ya steroidi, ile dawa ya kupuliza kila siku ya kutuliza uvimbe, ya nini tena, nikaiacha. Wiki ya tatu nikaamka usiku wa manane siwezi hata kumaliza sentensi, nikakimbizwa hospitali nikawekewa oksijeni. Tangawizi sikuiacha, naipenda mpaka leo, lakini kazi ya kutuliza uvimbe nimeiachia inhela.

Mti ninaouheshimu zaidi ni mkaratusi. Ndani ya mafuta yake kuna kiini kinachoitwa sineoli, na mwaka 2003 ulitoka utafiti wa Ujerumani wa watu 32 wenye pumu ya kutegemea vidonge vya steroidi, waliopewa sineoli miligramu 200 mara tatu kwa siku kwa wiki 12 wakaweza kupunguza vidonge vyao kwa asilimia 36, wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 7 tu. Ni watu wachache lakini inatia moyo. Sasa tafadhali sana, ile ilikuwa dozi iliyopimwa na wagonjwa walikuwa chini ya madaktari, siyo kunywa mafuta ya mkaratusi ya kwenye chupa, hayo ni sumu na mtoto anaweza kupata degedege kwa kiasi kidogo tu. Kujifukiza nako siko kwa kila mtu, mimi harufu kali inanibana palepale, na maji ya moto yanaunguza watu.

Kuna pia vasaka, mti unaotumika India tangu zamani, dawa ya makohozi inayoitwa bromheksini ilitokana nao. Habasoda ina tafiti ndogo ndogo zinazoonyesha nafuu. Likorisi, ule mzizi mtamu, ndo niliyoiacha kabisa, inapandisha presha na kushusha madini ya potasiamu mwilini, na salbutamol, dawa ya inhela ya kufungua kifua, ikitumika sana nayo inashusha hiyohiyo potasiamu, kwa hiyo ukizichanganya moyo unaweza kuvurugika.

Siku hizi nikianza mti mpya namwambia daktari, naanza mmoja peke yake, na napuliza pikifloo, kile kifaa cha kupima kasi ya pumzi, asubuhi na jioni naandika namba. Namba ikishuka naacha, hata kama makohozi yanatoka vizuri. Na ukiona inhela ya kufungua kifua haikushikii hata masaa manne, au kuongea kunakushinda, au midomo inabadilika rangi, usikae kuchemsha majani, puliza hiyo inhela ya kufungua kifua na mwambie mtu akupeleke hospitali saa hiyohiyo.