Nani amchangie uloto mtoto mwenye saratani ya damu?

Pole sana dada kwa habari ya mwanao. Umeeleza kwamba lukemia imerudi baada ya kemo (dawa za kuua seli za saratani), madaktari wanataka kumpandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na hujui nani achangie: baba yake mwenye grupu moja ya damu naye, mjomba aliyejitolea, au mmoja wa watoto wako wengine wawili ambao unaogopa kuwagusa. Nimepita njia hiyo na binti yangu. Aliyemchangia ni kaka yake, naye akiwa bado mtoto.

Grupu ya damu iweke pembeni kwanza. Wanaweza kutofautiana grupu na kazi ikafanyika vizuri tu. Baadaye mgonjwa huchukua grupu ya aliyemchangia. Kinachoamua ni HLA, alama zilizo kwenye seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kujua nani mwenyeji na nani mgeni. Mtoto hupewa seti moja na baba, nyingine na mama. Kwa hiyo mzazi kwa kawaida hufanana na mwanawe nusu tu, hata kama sura ni ileile. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana kikamilifu, na kila mtoto huhesabiwa peke yake, kwa hiyo wingi wa watoto si hakikisho. Mjomba ni nadra kufanana kikamilifu.

Kwetu, ukoo mzima ulishamchagua kifungua mimba kwa sababu ana mwili. Majibu yakaja: hakufanana. Wadogo zake wawili ndio waliofanana. Hapo madaktari wakaanza kupima mengine: maambukizi kama HIV, homa ya ini na CMV (kirusi cha kawaida, ila hatari kwa mtu aliyepungukiwa kinga), na uzito pia, maana kiasi cha uloto kinachohitajika hufuata kilo za mgonjwa, na mchangiaji naye hakamuliwi kupita kiasi. Nakusihi, msimtaje yeyote mbele ya watoto kabla ya majibu. Yule mkubwa aliumia sana kuambiwa kwamba hatoweza kumsaidia mdogo wake.

Wengi hushangaa kusikia kwamba pacha wa kufanana si chaguo la kwanza kwenye lukemia. Seli zenye utofauti kidogo husaidia kuzisaka seli za saratani zilizobaki, na za pacha hazina utofauti huo.

Asipopatikana ndugu wa kufanana, madaktari wataangalia daftari la wachangiaji wasio ndugu, au mzazi aliyefanana nusu. Zamani nusu ilikuwa hatari mno. Siku hizi kuna njia iliyokuzwa Johns Hopkins, Marekani, ya kumpa mgonjwa dawa iitwayo saiklofosfamidi siku chache baada ya kupandikizwa, ili kuzituliza seli ngeni zisiushambulie mwili wake. Mkifika huko, ulizeni kama mtoto amepimwa kingamwili dhidi ya HLA ya mchangiaji, hasa akiwa ameongezewa damu mara nyingi.

Sasa hofu yako kuhusu wale wawili. Kijana wangu alilazwa kwa nusukaputi, wakavuta uloto kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, nyuma. Alitoka na plasta mbili juu kidogo ya makalio, akatembea ameinama siku kadhaa, kisha akarudi kwenye mpira. Uloto hujirudishia wenyewe ndani ya wiki chache.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni moyo wake. Tulipata daktari wa kwake, asiye kwenye timu ya dada yake, akazungumza naye sisi wazazi tukiwa nje. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2010 kwamba mtoto anayechangia awe na mtetezi wake wa namna hiyo. Mwanangu alimuuliza: "Dada akifa, itakuwa damu yangu ndiyo mbaya?" Sisi hakuwahi kutuuliza. Daktari akamjibu kwamba seli zake ni nzima na matokeo si mzigo wake, na ilibidi tumrudie maneno hayo binti alipotokwa na vipele mwili mzima baada ya kupandikizwa.

Kwa hiyo omba daktari wa mchangiaji mapema, kabla ya tarehe kupangwa, na ahadi ya kumfuatilia baadaye. Majibu ya HLA yakitoka yaweke hapa, tupange pamoja maswali ya kwenda nayo.